Namba Kumi na Saba

Mwaka ule nilikuwa karani wa orodha, mtaa wa Njoro,
nina penseli moja na nusu ya ufutio,
nusu nyingine walichukua Pasua.
Fomu ilikuwa na maswali ishirini na tisa.
Paa la nini. Sakafu ya nini. Milo mingapi.
Mbuzi, kuku, redio, baiskeli.
Mtu anajibu hana, hana, hana,
nami naandika sifuri, sifuri, sifuri
mpaka ukurasa unanikodolea macho kama bundi.

Konsolata Nibigira, chumba kimoja, uani kwa Mama Ndeshi.
Msimu ukiwapo anachambua kahawa kiwandani,
usipokuwapo anafulia watu.
Milo?
Akawatazama watoto kwanza, kama anawahesabu upya.
"Andika mmoja. Ukiandika nusu watasema natia chumvi."
Mahali pa kuzaliwa?
"Muyinga," akasema, halafu mbio mbio,
"lakini hawa wote Mawenzi, hospitali, kadi ninazo,"
akainua godoro, akatoa mfuko wa rambo,
kadi za kliniki zilizokwisha kulowa
zikakaushwa juu ya jiko zaidi ya mara moja.

Mkutano tuliufanyia darasa la tatu,
watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni.
Kila jina likisomwa mtaa unaulizwa:
mnamjua? Ni kweli hana?
Tulipofika la kumi na saba pakawa kimya,
kimya cha watu wanaongoja nani aanze.
Akaanza Eliamani fundi viatu,
ambaye alipovunjika mguu mama huyu alimchotea maji
miezi miwili, bila kumdai senti.
"Ni maskini kweli, sikatai," akasema.
"Ila si maskini wetu."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepinga.
Nafasi zilikuwa arobaini, majina sitini na matatu,
na kila mtu alikuwa na shangazi.
Nami, ambaye babu yangu alifika Moshi akitandika reli
kutoka kwao ambako hatupataji tena,
niliangalia ncha ya penseli.

Nikafuta.
Huwa naandika kwa kukandamiza, nasifiwa mwandiko,
jina likagoma kutoka. Nikasugua
mpaka karatasi ikatoboka,
na kwenye tundu nikaona ubao wa dawati,
kipande cha jina alilochonga mtoto kwa wembe.
Sikuweza kujua ni la nani.

Siku ya malipo ilikuwa Aprili, mvua tangu alfajiri,
mlima umejifunika gubigubi, hautaki kuona mtu.
Konsolata akaja.
Nikaishika orodha kifuani kama ngao.
Kumbe amemleta Bibi Ndelilio, namba tisa, asiyeona,
wameongozana matopeni toka kona ya shule.
Akamchovya kidole gumba kwenye wino,
akakibonyeza panapotakiwa, si juu, si chini,
kwa mkono uliozoea kutenga punje mbovu na punje nzima.

Elfu thelathini na mbili.
Bibi akazipapasa, akachomoa noti mbili za elfu, akampa.
Nilitarajia akatae. Kwenye mahubiri huwa wanakataa.
Akazipokea. Akazihesabu, noti mbili, akazihesabu!
Kisha akaniambia mbele ya foleni nzima:
"Karani, niandikie kwamba amenipa mwenyewe.
Kesho msije mkasema mgeni kaiba."

Nikaandika, kwa wino safari hii,
jina lote, herufi kwa herufi, alivyonitajia,
nikagonga na muhuri, ingawa haukuhitajika.
Ndiyo karatasi pekee ya mtaa wetu yenye jina lake
na haiko ofisini.
Ikiwa bado ipo, ipo chini ya godoro,
ndani ya rambo, pamoja na kadi za Mawenzi.